Mama aliambiwa ana uvimbe kwenye moyo, kumbe ni kalsiamu kwenye pete ya valvu (uzi mrefu, watu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa karibuni)

Mtoto wa Mwaloni aliandika:

Habari zenu wakuu.

Naandika nikiwa na faili la mama hapa mezani. Ni uzi mrefu, naomba mnivumilie, maana miezi minne iliyopita mimi mwenyewe nilitafuta maelezo kama haya kwa Kiswahili usiku kucha sikuyapata.

Mama yangu ana miaka 68. Anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Nyumbani ni Mabatini, juu kabisa kwenye mawe, zile nyumba ambazo gari haifiki. Mama alikuwa akipanda na ndoo kichwani bila kusimama. Mwaka juzi akaanza kupumzika mara moja njiani, halafu ikawa mara mbili. Kuna jirani ana jiwe kubwa bapa mbele ya mlango wake, mama akalifanya kituo. Anakaa pale, anawasalimia wapita njia "mwangaluka", anauliza habari za watoto, ukimwona unasema amekuja kupiga soga. Kumbe anatafuta pumzi. Nilichelewa kulijua hilo na linaniuma mpaka leo.

Presha anayo zaidi ya miaka kumi na tano, na dawa alikuwa anakunywa akijisikia vibaya tu. Tukampeleka hospitali moja (siitaji, na naomba tusizitaje hapa, siyo lengo langu). Akapigwa eko ya moyo. Majibu yalikuwa karatasi moja, na mstari uliotumaliza ulisema kuna uvimbe wa mviringo, takriban sentimita 3 kwa 2, nyuma ya valvu ya mitrali, na kwamba saratani haiwezi kuondolewa kwenye mawazo. Aliyetukabidhi alikuwa na foleni mpaka koridoni. Akasema mpelekeni Dar haraka, akaita jina linalofuata.

Jioni ile kikao kikakaa sebuleni. Mjomba akaja kutoka Magu. Tukapiga hesabu ya kuuza kiwanja cha Kisesa. Tulidhani mama amelala. Akatoka chumbani na kaunta buku lake la madeni, akakaa katikati yetu, akaanza kusoma majina: fulani debe tatu, fulani gunia moja na nusu, fulani alishalipa nusu. Alikuwa anatukabidhi. Hakulia, sisi ndio tulilia.

Kilichogeuza mambo ni eksirei ya zamani. Miaka miwili nyuma mama alikohoa muda mrefu, akapigwa eksirei ya kifua kuangalia kama ni TB, ikaonekana hana. Picha ilikuwa juu ya kabati, imekunjwa kona moja. Nilipompeleka kwa daktari bingwa wa moyo hapa hapa Mwanza niliibeba tu kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko mmoja na karatasi nyingine. Daktari akaitoa, akaiweka kwenye kioo chenye taa, akachukua ile iliyopigwa kwa ubavu, akanyamaza kidogo. Kisha akaniita nisogee. Ndani ya kivuli cha moyo kulikuwa na upinde mweupe, mwembamba, kama mwezi mwandamo. Akasema, "Kijana, hiki kilikuwepo miaka miwili iliyopita, na kimekaa palepale pete ya valvu ilipo. Kabla hamjauza chochote, tupige picha nyingine."

Picha hiyo nyingine ilikuwa CT ya moyo, bila dawa ya rangi mshipani. Jibu: kalsiamu kwenye pete ya valvu ya mitrali, aina ile ambayo katikati yake imelainika. Siyo saratani.

Naendelea chini nieleze kila kipimo kilituonyesha nini, nikitumia nilivyoeleweshwa.

---

Mtoto wa Mwaloni aliandika:

Muendelezo.

Moyo una milango minne, ndiyo hizo valvu. Wa mitrali uko kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Kila mlango una mabawa yanayofungua na kufunga, na una fremu, yaani pete ya nyama ngumu inayoshika mabawa. Kwa mama, mabawa yako sawa. Kilichojaa kalsiamu ni fremu, na hasa upande wake wa nyuma, ambako ndiko kalsiamu ya pete hii hupenda kukaa. Huonekana zaidi kwa watu wazima wa umri mkubwa, kina mama kuliko kina baba, na kwa wenye presha ya muda mrefu, kisukari, na hasa figo zilizochoka. Mama ana presha, na vipimo vyake vya kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) vilionyesha figo zimeshuka. Sisi hatukujua habari ya figo mpaka siku ile.

Sasa eko. Ile mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga nyama na kurudi. Nyama laini hupitisha mengi na kurudisha machache. Kalsiamu hurudisha karibu yote, kwa hiyo kwenye skrini inang'aa, na nyuma yake hubaki kivuli cheusi kwa sababu hakuna wimbi lililopita. Wenye mashine ya kupima kina ziwani wananielewa: ukipita juu ya jiwe mwangwi unarudi mkali, ukipita juu ya tope unarudi umechoka. Daktari alitusimulia kwamba Inge Edler na Hellmuth Hertz walioanzisha eko ya moyo kule Lund, Sweden, mwaka 1953, walianza kwa kuazima mashine ya karakana ya meli, iliyokuwa ikitafuta nyufa kwenye chuma. Na valvu ambayo Edler aliifuatilia sana ilikuwa hii hii ya mitrali.

Mbona basi eko ya mama ilidanganya? Kwa sababu kalsiamu yake siyo jiwe tupu. Katikati imeyeyuka ikawa uji mzito mweupe, kama dawa ya meno. Mawimbi yakapita katikati, kivuli kikawa hafifu, ikaonekana kama donge la nyama lenye ukingo. Hata mpimaji mzuri anaweza kuliita uvimbe. Kwa hiyo simlaumu aliyepima. Ninalolalamikia ni neno saratani kuandikwa na mtu kuachwa nalo koridoni bila hata dakika mbili za maelezo.

CT hufanya kazi tofauti kabisa. Inatumia mionzi, inakata picha vipande vyembamba, na kila nukta hupewa namba. Vipimo vya namba hizo huitwa kwa jina la Hounsfield, Mwingereza aliyepata Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Maji ni 0, hewa ni kasoro 1000, nyama ni makumi tu, mfupa ni mamia. Kwenye kuhesabu kalsiamu ya moyo, chochote kuanzia 130 ndicho huhesabiwa. Hapo ubishi unaisha, maana nyama haiwezi kufika huko bila dawa ya rangi. Picha ya mama ilionyesha ukingo mweupe kama ganda la yai, ndani weupe hafifu kuliko ganda ila mzito kuliko nyama ya moyo.

Siku yenyewe ilikuwa hivi, kwa wenye wazee wanaoogopa. Alivua hereni na mkufu. Akabandikwa nyaya kifuani, kwa sababu moyo unacheza, na mashine lazima ipige picha wakati moyo umetulia kati ya pigo na pigo. Mapigo yake yalikuwa 92, akapewa kidonge cha kuyapunguza, tukasubiri saa nzima kwenye benchi. Alipolala, mikono juu ya kichwa, akaambiwa vuta pumzi, zuia, achia. Zoezi la kuzuia pumzi nilimfanyisha nyumbani, likasaidia. Picha zenyewe ni sekunde chache. Alipotoka aliniuliza, "Ndiyo basi?"

---

Kisesa Juu aliandika:

Pole sana mkuu, na hongera kwa mama. Hapo kwenye kaunta buku nimesimama kidogo kusoma.

Swali langu ni la kijijini kabisa lakini naomba lijibiwe. Hiyo kalsiamu inatoka wapi? Mama yangu ni mlaji wa dagaa na mifupa ya sato anaitafuna. Na dada yangu akiwa mjamzito anakula pemba, yale madongo. Tuwakataze?

---

Fundi Eko aliandika:

Nafanya kazi ya kupima eko Kanda ya Ziwa, mwaka wa kumi na moja sasa. Mtoa mada umeeleza vizuri, niongeze na kurekebisha kidogo.

Kisesa Juu, dagaa mwache mama ale. Kalsiamu ya valvu haitoki kwenye sahani kwenda moja kwa moja moyoni. Ni nyama iliyochakaa kwa miaka ya msukosuko wa presha, chembe zake zinaanza kufanya kazi kama zile za kujenga mfupa. Ndiyo maana kinachokutwa pale ni kalsiamu na fosfeti kama ya mfupa, siyo chokaa ya ukutani japo wengi tunaiita hivyo. Figo zikichoka, fosfeti hupanda kwenye damu na mchakato unakwenda kasi. Vidonge vya kalsiamu ndivyo msimeze hovyo bila daktari, hasa mwenye figo. Udongo ni habari nyingine, unaweza kuwa na minyoo na unazuia madini ya chuma, huo mkatazeni kwa sababu zake.

Rekebisho la kwanza. Weupe kwenye eko siyo kila mara kalsiamu. Mpimaji akifungulia mwanga wa mashine kupita kiasi, hata kovu litang'aa kama mfupa. Ukiona ripoti imeandika kalsiamu nyingi kwa kijana wa miaka 20, omba irudiwe.

La pili, na hili ndilo limenifanya niandike. Huku kwetu valvu ya mitrali iliyoharibika mara nyingi ni ile ya rumatiki, inayoanzia utotoni kwa vidonda vya koo visivyotibiwa. Kwenye eko naitofautisha hivi: rumatiki huanzia kwenye ncha za mabawa, inayagandisha pembeni yakashikana, na bawa la mbele likifunguka linapinda kama goti. Kalsiamu ya uzee huanzia kwenye fremu na kuja ndani, ncha zinabaki huru. Mgonjwa wa rumatiki unaweza kumfungulia valvu kwa puto linaloingizwa kupitia mshipa wa paja, kwa sababu puto linaachanisha mabawa yaliyoshikana. Ya kwenye fremu haina kilichoshikana cha kuachanisha, puto halimsaidii. Kwa hiyo ripoti ikisema tu "valvu ya mitrali imesinyaa, ina kalsiamu", hiyo ni nusu ya jibu. Muulize aliyepima: kalsiamu iko ncha au iko pete?

---

Dada wa Nansio aliandika:

Nimeshtuka kusoma huu uzi. Baba yangu mdogo yuko Ukerewe, ana karatasi ya eko inayofanana na hiyo, imeandikwa donge ndani ya moyo upande wa kushoto. Tumepewa wiki mbili turudi. Kwa hiyo na yeye inaweza kuwa kalsiamu? Nimuambie shangazi asiuze ng'ombe?

---

Fundi Eko aliandika:

Dada, hapana, msikae nyumbani kwa sababu ya uzi. Donge moyoni linaweza kuwa bonge la damu, hasa kama mapigo hayana mpangilio. Linaweza kuwa usaha kwa mwenye homa ya wadudu kwenye valvu. Linaweza kuwa maiksoma, uvimbe ambao mara nyingi umeshikilia ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, unaning'inia na kucheza kila moyo unapopiga. Maiksoma siyo saratani lakini inaziba njia na vipande vyake vinaweza kukatika vikaleta kiharusi, hivyo hutolewa kwa upasuaji. Karatasi ya baba mdogo inasema donge limeshika wapi, na linatembea au limetulia?

---

Dada wa Nansio aliandika:

Imeandikwa linatembea. Chumba cha juu kushoto.

---

Fundi Eko aliandika:

Basi msisubiri wiki mbili. Pandeni boti ya kesho asubuhi. Mje na karatasi na picha zenyewe, na akianza kizunguzungu au kuishiwa nguvu upande mmoja wa mwili, moja kwa moja dharura.

---

Mzee wa Igombe aliandika:

Vijana, shikamooni wakubwa zangu na marahaba kwa wadogo. Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Valvu yangu ni ile ya aota, mlango wa damu kutokea moyoni. Nina miaka 74. Eko inasema eneo la mlango limebaki sentimita mraba 0.8, lakini tofauti ya presha ni 27 tu. Daktari mmoja kasema imesinyaa vibaya, mwingine kasema bado. Wakanitaka nipige CT ya kuhesabu kalsiamu. Nikaona wananizungusha, nikarudi kwenye mitego yangu. Nilikosea?

---

Fundi Eko aliandika:

Shikamoo mzee. Hawakukuzungusha, walikuwa sahihi, tena naomba urudi.

Kwa kawaida valvu ya aota iliyosinyaa sana hutoa alama tatu pamoja: damu inapita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, tofauti ya presha wastani 40 au zaidi, na eneo halizidi sentimita mraba 1. Kwako alama zinagombana: eneo dogo, presha ndogo. Inaweza kuwa moyo umechoka hausukumi kwa nguvu, kwa hiyo presha inaonekana ndogo japo mlango umeziba. Au eneo limepimwa vibaya, maana kosa dogo la kupima kipenyo linageuka kubwa kwenye hesabu ya eneo.

Hapo CT ndiyo mwamuzi, kwa sababu haijali moyo unasukuma kwa nguvu gani. Inahesabu kalsiamu iliyopo, basi. Alama zinaitwa kwa jina la Agatston, daktari wa Marekani ambaye yeye na wenzake walitoa njia hiyo mwaka 1990 kwa ajili ya mishipa ya moyo. Kwa valvu ya aota, mwanaume akifikisha 2000 inaelekea kweli imesinyaa sana, mwanamke 1200. Wanawake hufika hali mbaya na kalsiamu kidogo zaidi, ndiyo maana kipimo hakilingani. Akivuka 3000 mwanaume au 1600 mwanamke, shaka ni ndogo sana. Tahadhari: namba hizi ni za aota, msizitumie kwa pete ya mitrali kama ya mama wa mtoa mada.

Haihitaji dawa ya rangi, haihitaji sindano, mionzi yake ni kidogo. Mzee, kama unahema ukivuta nyavu, umewahi kuzimia, au kifua kinabana ukitembea, usiende ziwani peke yako.

---

Mzee wa Igombe aliandika:

Kuzimia nilizimia mara moja, mwezi wa tatu, nikiwa nchi kavu. Sikumwambia mtu. Nitakwenda.

---

Mlima Kamanga aliandika:

Wakuu, stendi kuna jamaa anauza dawa ya kuyeyusha mafuta na kalsiamu kwenye mishipa na valvu. Ndimu, vitunguu saumu na unga fulani. Shemeji yangu anatumia miezi mitatu. Kuna ukweli?

---

Fundi Eko aliandika:

Hakuna dawa iliyothibitika kuyeyusha kalsiamu ya valvu, ya hospitali wala ya stendi. Hata dawa za kushusha mafuta kwenye damu zilijaribiwa kwa matumaini makubwa. Utafiti ulioitwa SEAS, uliotoka mwaka 2008 na wagonjwa 1,873 wa valvu ya aota, haukuonyesha kwamba zinazuia valvu kusinyaa. Dawa hizo zina kazi yake kwenye mishipa, mwenye kuandikiwa asiache. Vitunguu ni mboga. Ila ule unga usiojulikana, kwa mtu mwenye figo, unaniogopesha kuliko kalsiamu yenyewe. Akapime kreatinini.

---

Mlima Kamanga aliandika:

Nashukuru. Nyongeza: kaka yangu aliugua TB, baadaye miguu na tumbo vikavimba, eksirei ikaonyesha mstari mweupe kuzunguka moyo. Ndiyo hii?

---

Fundi Eko aliandika:

Hiyo ni ndugu yake wa mbali. Hapo kalsiamu iko kwenye mfuko wa nje unaofunika moyo, valvu hazihusiki. TB huukakamaza mfuko ule ukawa kama gamba, moyo ukakosa nafasi ya kujaa, maji yakarudi tumboni na miguuni. CT huonyesha gamba hilo wazi sana. Wengi husaidiwa kwa upasuaji wa kulimenya. Tafadhali asibaki anatibiwa ini kwa sababu ya tumbo, maana hilo hutokea.

---

Mtoto wa Mwaloni aliandika:

Wakuu nashukuruni sana, wabeja. Fundi Eko, swali lako la "ncha au pete" nimeliandika nyuma ya faili la mama.

Kuna walioniuliza inbox kuhusu MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) na ile eko ya kumeza mpira. MRI tuliiulizia. Tukaambiwa kalsiamu kwenye MRI huonekana nyeusi, haina maji ya kutoa ishara, kwa hiyo yenyewe peke yake siyo ya kwanza kutafutia kalsiamu. Inasaidia kutofautisha na uvimbe, kwa sababu uvimbe wenye damu hunyonya dawa na hili donge katikati halinyonyi. Kwa mama, CT na ile eksirei ya zamani vilitosha. Eko ya kumeza tuliifanya, maana daktari alitaka kuona valvu inavuja kiasi gani, na mpira ukiwa kooni uko nyuma kabisa ya moyo, picha inakuwa karibu. Alikaa saa sita bila kula. Koo liliwasha siku moja.

Gharama sitaandika, zinatofautiana na bima hazilingani. Ulizeni dirishani kabla.

Jambo moja nasisitiza kwa wenye wazee: dai picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake. Karatasi ni maneno ya mtu mmoja siku moja akiwa na foleni. Eko ya kwanza ya mama tulipewa karatasi tu, na tuliporudi kuomba video tukaambiwa zimeshafutwa. Bingwa alilazimika kuanza upya. CT nimeichukua kwenye sidi na nimeinakili kwenye flashi. Zile eksirei kubwa zisikunjwe, zisiwekwe karibu na moto. Ya kwetu kona iliyokunjwa ilikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye ule upinde mweupe. Nikiifikiria hiyo kona nasikia baridi.

Na kuhusu pumzi ya mama: kalsiamu siyo iliyokuwa inambana. Valvu yake inavuja kidogo, na haijasinyaa kiasi cha kuzuia damu. Moyo ulikuwa umekuwa mgumu kwa presha ya miaka yote ile isiyotibiwa sawasawa, na maji yalikuwa yanajaa mapafuni. Amebadilishiwa dawa za presha, ameongezewa ya kupunguza maji, na anakunywa kila siku, mimi mwenyewe nahesabu vidonge Jumapili. Hakuna upasuaji kwa sasa. Eko kila baada ya miezi sita, na aangaliwe mapigo, maana nyaya za umeme wa moyo zinapita karibu na pete hiyo na wenye tatizo hili wanaweza kupata mapigo yasiyo na mpangilio.

---

Dada wa Nansio aliandika:

Narudi na mrejesho. Tulivuka siku ileile ya pili. Wamerudia eko, wakamweka na ya kumeza. Ni maiksoma. Imeshika ule ukuta kama alivyosema Fundi Eko. Daktari alituonyesha kwenye skrini, inaingia kwenye mlango wa mitrali na kurudi, inaingia na kurudi, baba mdogo mwenyewe akaomba azime. Tumepewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar. Mnisamehe sikuandika mapema, mikono ilikuwa inatetemeka.

---

Mtoto wa Mwaloni aliandika:

Dada, pole, na Mungu amtangulie baba mdogo. Mnasafiri lini? Nina binamu Dar, anaishi karibu na Muhimbili, anaweza kuwapokea na mkapata pa kulala siku za kwanza. Nakutumia namba yake inbox sasa hivi.

Wengine mlioulizia mama: eko ya miezi sita ilikuwa wiki iliyopita. Donge ni lile lile, halijaongezeka. Jana nilipanda naye kutoka barabarani. Alisimama mara moja, kwenye jiwe la jirani, akasema hapo hasimami kwa sababu ya pumzi, anasubiri hela yake ya dagaa.

---

Dada wa Nansio aliandika:

Nimeipata namba, asante sana kaka. Tunaondoka Jumapili. Sidi ya eko na karatasi zote nimezifunga kwenye nailoni, nitazibeba mimi mwenyewe kwenye mkoba wa mkononi.